Kutafiti Sheria za Uskoti ya Zama za Kati: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huletwa zaidi na wanafunzi wa sheria na wa historia wanaofikiria shahada ya uzamili au ya uzamivu. Majibu ni ya mtu aliyemo ndani ya fani, kwa hiyo yana upendeleo wake.

Mtafiti wa fani hii anafanya nini hasa?

Anasoma hati. Kama ulitarajia mijadala mizito ya haki na dola kila siku, jua mapema kwamba saa nyingi zinaishia kwenye kulinganisha nakala tatu za sentensi moja na kujiuliza kwa nini karani wa pili karuka neno. Chukua swali linaloonekana jepesi: mwaka 1250, mtu aliyenyang'anywa shamba angeshtaki wapi, na kwa utaratibu gani? Huwezi kulijibu kwa kufungua kitabu cha sheria cha wakati ule, maana hakuna kitabu cha namna hiyo cha kuaminika moja kwa moja. Kilichopo ni hati za ardhi, amri za mfalme, kumbukumbu chache za mabaraza, na mikusanyo ya sheria ambayo watu waliinakili kwa matumizi yao, mara nyingine miaka 100 au 200 baada ya sheria yenyewe kutungwa. Unaunganisha vipande hivyo, unaandika, wenzako wanakupinga.

Kinachobaki ni kazi za kawaida za chuo: kufundisha, kusahihisha mitihani, kusimamia wanafunzi, kuomba ruzuku. Ruzuku hula muda kuliko mtu anavyodhani.

Uskoti si sehemu ya Uingereza tu? Sheria yake inatofautiana kweli?

Inatofautiana. Uskoti ilikuwa ufalme wake, na hata Muungano wa 1707 ulipofuta bunge lake, uliziacha sheria na mahakama zake zisimame zenyewe. Msomaji wa Zanzibar hahitaji maelezo marefu hapa.

Katika fani yetu, "zama za kati" kwa kawaida huanzia utawala wa David I, aliyetawazwa 1124, hadi kuundwa kwa Chuo cha Haki mwaka 1532, yaani ile mahakama kuu ya madai ya Edinburgh inayofanya kazi mpaka leo. Wengine huanza mapema zaidi. Ushahidi wa maandishi kabla ya 1100 ni haba mno, na anayeuchimba lazima awe hodari wa Kigaeli cha kale, lugha ya Kikelti ya Uskoti.

Kila ninakosoma naikuta Regiam Majestatem. Ni nini, na kwa nini inawagombanisha watu?

Ni kitabu cha sheria cha Kilatini, mashuhuri kuliko vyote vya Uskoti ya zama zile, na kina kasoro ya kuzaliwa. Kwa karne nyingi Waskoti waliamini kwamba kiliandikwa kwa amri ya David I. Sir John Skene, aliyekichapisha mwaka 1609, alishikilia hivyo. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya kitabu, takriban theluthi mbili, imetoka kwenye kitabu cha sheria cha Kiingereza kiitwacho Glanvill, kilichoandikwa mwishoni mwa miaka ya 1180. David alifariki 1153.

Hata mwanzo unawaumbua. Glanvill inafungua kwa maneno "Regiam potestatem". Ya Waskoti inafungua kwa "Regiam majestatem". Tena ndani yake kuna sheria alizopitisha Robert I, yule Robert Bruce, katika bunge lake la Scone mwaka 1318. Kwa hiyo kitabu hakiwezi kuwa cha kabla ya mwaka huo.

Thomas Craig, mwanasheria wa zama za Skene, alikikana kabisa akasema si cha Waskoti. Nadhani alivuka mpaka. Mwanasheria wa Afrika Mashariki anaijua hali hii: Sheria ya Mikataba ya India ya 1872 ilitumika Tanganyika, Kenya na Uganda, na mahakama zikaifanya yao. Kuazima sheria hakuifanyi iwe bandia. Swali lenye maana ni aliyeazima alibadili nini, aliacha nini, na nani alikitumia kitabu hicho mahakamani. Mwaka 1426 bunge la James I liliagiza watu wenye hekima kutoka kila tabaka la bunge wavikague na kuvirekebisha vitabu vya sheria, wakaitaja Regiam pamoja na mwenzake, Quoniam Attachiamenta, kinachohusu taratibu za mahakama. Kitabu kisichotumika hakiundiwi kamati.

Kuna jambo moja zaidi, na ndilo linalowachelewesha wanafunzi wapya: hakuna Regiam moja. Kila mswada, yaani nakala iliyoandikwa kwa mkono, una mpangilio wake, sura zilizozidi au kupungua, na usomaji wake. Anayeandika "Regiam inasema" bila kutaja ni mswada upi atarudishiwa kazi yake na mhakiki wa kwanza atakayeisoma.

Nyaraka zenyewe ziko wapi? Na mbona ni chache?

Nyingi ziko Edinburgh, katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka iliyo mwisho wa mashariki wa barabara ya Princes Street, na katika Maktaba ya Taifa iliyopo George IV Bridge. Nyingine ziko kwenye majumba ya familia za kikabaila, makanisa, vyuo vikuu na London.

Uchache wake una historia. Edward I wa Uingereza alipoivamia Uskoti mwaka 1296 alibeba jiwe la kutawazia wafalme na nyaraka za serikali pia. Jeshi la Kiingereza la Oliver Cromwell nalo lilizichukua nyaraka nyingine mwaka 1651 zikapelekwa London. Ziliporudishwa kwa bahari mwaka 1660, sehemu ya shehena ilihamishiwa kwenye meli iitwayo Elizabeth, na meli hiyo ikazama Desemba nje ya pwani ya Northumberland. Hakuna anayeweza kusema kwa uhakika ni nini chote kilichokwenda chini.

Mswada mmoja ulipita njia ya ajabu zaidi. Unaitwa Mswada wa Berne, wa miaka ya 1270 hivi, na una Glanvill, sheria za miji na sheria nyingine za kale za Uskoti. Ulifika Uswisi, ukakaa kwenye maktaba ya Bern, na ukarudi Edinburgh mwaka 1814.

Miji ilitunza vizuri kuliko serikali. Aberdeen ina madaftari ya baraza la mji tangu 1398, na hadi 1511 yaliyosalia ni vitabu vinane. Kilichopotea ni cha tatu, cha miaka ya 1414 hadi 1433. Humo utakuta madeni, matusi sokoni, bia iliyouzwa kwa bei haramu, ugomvi wa mipaka ya viwanja. Kama unataka sheria inayotoa jasho, ianzie humo.

Nahitaji Kilatini kiasi gani?

Cha kutosha kusoma hati bila mtu wa kukushika mkono. Habari njema ni kwamba Kilatini cha mahakamani hakina mbwembwe za Cicero, yule msemaji wa Roma ya kale. Hati ya ardhi inarudia maneno yaleyale: "Sciatis me dedisse et concessisse et hac presenti carta mea confirmasse", yaani jueni kwamba nimetoa, nimeridhia na kwa hati yangu hii nimethibitisha. Ukishasoma hati 50, unaanza kuona haraka pale fomula inapovunjika, na hapo ndipo penye habari. Kama ulipitia seminari ukakaririshwa amo, amas, amat, una mtaji ambao wenzako wa Ulaya wengi hawana siku hizi.

Kigumu ni mwandiko. Makarani walifupisha karibu kila neno ili kuokoa ngozi na muda. Herufi p peke yake ina mitego mitatu: ikikatwa mstari kwenye mkia inasomwa "per", mkia ukipindiwa kushoto kwa mkunjo inasomwa "pro", ikiwekewa kistari juu inasomwa "pre". Ukikosea hapo, aliyetoa ardhi "kwa ajili ya" kaka yake anageuka aliyeitoa "kupitia" kaka yake, na kesi nzima inapinduka. Ustadi huu haupatikani kwa kusoma kuhusu miandiko. Unapatikana kwa kunakili hati kwa mkono, mstari kwa mstari, kisha mjuzi akazipitia kwa kalamu nyekundu.

Baada ya Kilatini utahitaji Kiskoti cha kale, lugha iliyo ndugu wa Kiingereza na si Kigaeli, maana sheria za bunge tangu James I, yaani kuanzia 1424, ziliandikwa kwa lugha hiyo. Kifaransa kinasaidia. Kigaeli kinategemea mada, ingawa hati za sheria zilizoandikwa kwa Kigaeli ni chache sana: inayojulikana zaidi ni ya 1408, ambayo kwayo Bwana wa Visiwa alitoa ardhi ya Islay.

Hati haina tarehe. Nifanyeje?

Karibu kwenye fani. Wafalme wa mwanzo hawakuweka tarehe kabisa. Hati za William I, aliyetawala 1165 hadi 1214, zinaanza kutaja siku na mwezi mwaka 1195, lakini mwaka hazitaji! Mwaka wa utawala unakuja kuwa kawaida chini ya mwanawe, Alexander II, katika miaka ya 1220.

Kwa hiyo unategemea mashahidi. Chini ya kila hati kuna orodha ya walioshuhudia: askofu fulani, mkuu wa hazina fulani, sherifu (ofisa wa mfalme wa eneo) fulani. Ukijua askofu alisimikwa lini, na mkuu wa hazina alikufa lini, unapata dirisha la miaka kadhaa. Cheo cha mfalme chenyewe husaidia: maneno "kwa neema ya Mungu" yanaingia kwenye hati za William katikati ya miaka ya 1170, hivyo nakala halisi isiyo nayo huwa ni ya kabla. Tahadhari na hati zilizonakiliwa na watawa baadaye. Walikuwa na tabia ya kuongeza au kukata, na baadhi yao walighushi bila haya ili kulinda mashamba ya monasteri.

Ni kweli uhai wa mtu ulipimwa kwa ng'ombe?

Kuna matini moja fupi inayojulikana kama sheria za Wabriton na Waskoti, na nakala yake ya zamani zaidi iko kwa Kifaransa katika ule Mswada wa Berne. Inataja fidia ya damu, iitwayo cro, kwa kila daraja la watu. Cro ya mfalme ni ng'ombe 1,000. Ya mkulima wa kawaida ni ng'ombe 16. Ya mke ni pungufu ya mumewe kwa theluthi moja. Asiye na mume hulipiwa sawa na kaka yake.

Edward I alipotoa amri yake ya kuitawala Uskoti mwaka 1305, alizipiga marufuku desturi hizi. Hazikufa. Wazo kwamba aliyeua anapaswa kuwafidia jamaa wa marehemu liliendelea kwa karne nyingi, na ndugu wakisharidhika walitoa barua ya msamaha kwa muuaji. Fidia hiyo iliitwa assythment. Sasa angalia: mwaka 1972 ndugu za marehemu mmoja walikwenda hadi Baraza la Malodi, mahakama ya juu ya rufaa ya wakati ule, wakidai fidia kwa kutumia assythment. Walishindwa, lakini hakuna aliyeweza kusema kirahisi kwamba sheria hiyo haipo tena, na bunge likalazimika kuifuta rasmi mwaka 1976.

Wasomaji waliokulia kwenye jamii zinazolipa diya hawashangazwi na cro. Wenzetu wa Ulaya, kwa muda mrefu, waliiandika kama ushenzi uliosubiri kustaarabishwa na mahakama za mfalme. Mimi naona ilikuwa njia ya kuzuia kisasi kisiteketeze koo mbili, na mfalme aliitegemea kwa sababu hakuwa na polisi.

Kuna sheria ya zama zile inayotumika hadi leo?

Ipo, na ninayoipenda ni ya 1449. Bunge la James II lilitamka kwamba, kwa usalama wa watu maskini wanaolima ardhi, mpangaji aliyekodi shamba atabaki nalo hadi muda wake uishe, hata kama mwenye shamba ameliuza. Mnunuzi anamkuta mpangaji na anamvumilia. Sheria hiyo ya aya moja bado ni msingi wa sheria ya upangaji ya Uskoti, na wanafunzi wa mwaka wa pili wanaisoma pamoja na masharti ambayo mahakama zimeiongezea. Sheria ya 1424 kuhusu migodi ya dhahabu na fedha kuwa mali ya mfalme nayo iko hai.

Nyingine zimekufa kwa namna ambayo huikuti Uingereza: sheria ya bunge la kale la Uskoti inaweza kupoteza nguvu kwa kuachwa tu, bila kufutwa. Umiliki wa ardhi wa kikabaila, kwa upande wake, ulifutwa rasmi tarehe 28 Novemba 2004. Watafiti wa zama za kati walioitwa kutoa maoni wakati ule walipata hadhira ambayo hawakuizoea.

Visiwa vya Orkney na Shetland ni habari nyingine. Mfalme wa Denmark na Norwei aliviweka rehani miaka ya 1468 na 1469 ili kugharimia mahari ya binti yake Margaret, aliyeolewa na James III. Rehani haikukombolewa, na mabaki ya sheria ya Kinorwei bado huibuka huko kwenye kesi za umiliki wa ufuo.

Na ile sheria ya kukataza mpira?

Ni kweli. Bunge la 1424 liliharamisha mpira wa miguu kwa faini ya peni 4, na la 1457 likaongeza gofu. Watu walitakiwa kufanya mazoezi ya upinde. Ukiandika makala kuhusu hilo peke yake, utasomwa kuliko tasnifu yako yote.

Mimi ni mwanasheria, sina digrii ya historia. Nitaweza? Na kinyume chake?

Pande zote mbili zinaweza, na kila upande una ugonjwa wake. Mwanasheria hutafuta kanuni: anataka kujua sheria ilikuwa nini, anaunganisha hati ya 1230 na ya 1430 kana kwamba ni kifungu na marekebisho yake. Mwanahistoria huona mamlaka, koo na siasa, halafu anaruka kipengele cha utaratibu ambacho ndicho kiini cha kesi.

Mfano ni amri ya 1230 ya Alexander II iliyompa aliyenyang'anywa ardhi njia ya kuomba hati ya mfalme ili jopo la watu wa eneo lake liulizwe: alikuwa anaimiliki, na ametolewa isivyo haki? Mwanasheria atakueleza jinsi hati hiyo inavyofanana na ya Uingereza. Mwanahistoria atauliza sherifu wa kule kaskazini alikuwa na nguvu gani za kumrudisha mtu shambani kwake. Tasnifu nzuri inahitaji yote mawili. Kama unatoka sheria, chukua uzamili wenye Kilatini na usomaji wa miandiko. Kama unatoka historia, kaa kwenye madarasa ya sheria ya mali na ya Kirumi.

Nisome wapi, na nani atalipa?

Edinburgh, Glasgow, Aberdeen na St Andrews ndivyo vyuo vya kuanza kuvitazama. King's College London pia. Nje ya hapo, Chuo Kikuu cha Guelph nchini Kanada kina kituo cha masomo ya Uskoti. Chagua msimamizi kwanza, chuo baadaye. Mwandikie barua fupi, useme umesoma maandishi yake gani na unataka kuuliza nini. Usitume wasifu wa kurasa sita.

Uzamili ni mwaka 1, uzamivu miaka 3 hadi 4. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hulipia uzamili, na hutaka uzoefu wa kazi wa miaka 2 hivi na urudi nyumbani baada ya masomo. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola kwa vyuo vya Uingereza huuliza utafiti wako utaisaidiaje nchi yako kimaendeleo. Cro na ng'ombe 16 havitawashawishi kirahisi; mada ya kulinganisha, mathalani jinsi sheria ya kimila inavyobadilika ikishaandikwa, ina nafasi zaidi. Tanzania ilijaribu jambo hilo mwaka 1963, serikali ilipotangaza kwa maandishi sheria za kimila za makabila ya ukoo wa kuumeni, kwa hiyo hulazimiki kuibuni hoja hewani. Vyuo vyenyewe pia vina nafasi chache zinazolipa ada na posho, na ushindani wake ni mkali.

Nikimaliza, ajira ipo?

Ipo kidogo. Nafasi ya kudumu yenye jina la historia ya sheria za Uskoti hutangazwa kwa nadra. Wengi wanaajiriwa kama wahadhiri wa sheria ya mali, sheria ya Kirumi, au historia ya zama za kati, na wanafanya utafiti huu pembeni. Kabla ya hapo tarajia mikataba ya mwaka mmoja au miwili kwenye miradi. Wapo wanaohamia hifadhi za nyaraka na maktaba, na huko ujuzi wa miandiko unaheshimiwa. Usiingie kwa mkopo binafsi.

Naweza kuanza nikiwa Dodoma au Kisumu?

Unaweza kufika mbali. Sheria zote za bunge la Uskoti hadi 1707 zimewekwa mtandaoni bure na Chuo Kikuu cha St Andrews, matini asilia pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kuna hifadhidata ya bure ya watu wanaotajwa kwenye hati za Uskoti kati ya 1093 na 1371. Ukiandika jina la sherifu, inakuonyesha hati alizoshuhudia. Madaftari ya Aberdeen hadi 1511 yamenukuliwa yote na yanatafutika. Kamusi kubwa ya Kiskoti nayo ni bure, na hifadhi ya taifa ya nyaraka ya London ina somo la Kilatini la wanaoanza, lililotungwa kwa ajili ya wasomaji wa nyaraka.

Mpango ninaowapa wanaoniuliza ni huu: chagua sheria tano za James I, zisome kwa Kiskoti bila kutazama tafsiri, kisha linganisha. Moja iwe ile ya 1424 inayomwagiza hakimu amtafutie maskini wakili mwaminifu na mwenye busara. Andika kurasa mbili kuhusu neno lililokusumbua zaidi. Kurasa hizo ndizo za kuambatanisha kwenye barua yako kwa msimamizi.

Mnaweza kunitafutia rangi za kitambaa cha ukoo wangu wa Kiskoti?

Hapana.